Januari Mosi

Mchezo ulimuuliza Muzna mwaka wake wa kuzaliwa.
Muzna ana miaka tisa, mlango ulitaka kumi na tatu.
Akaazima mwaka wa bibi yake bila kumwambia,
kama anavyoazima kanga zake:
arobaini na tisa, Januari, tarehe mosi.

Mlango ukafunguka.

Tangu siku ile simu ya mtoto, hapa Mabela,
inaletewa dawa ya magoti,
meno ya bandia kwa nusu bei,
Umra ya wazee, kiti cha magurudumu bure.
Muzna anacheka. Nami nilicheka,
hadi nilipoona wanajua analala saa ngapi.

Nikaifungua ile sera ya faragha.
Niliikubali mwenyewe, usiku wa Ramadhani,
kidole kina unga wa sambusa,
mtoto kaning'ang'ania: Mama, bonyeza tu.
Kurasa thelathini na nane. Inaanza: Tunaijali faragha yako,
kama mtu apigaye hodi
na huku keshavua viatu, keshaketi kitandani,
anahesabu mito.

Ukuta wetu unamzidi mtu kimo.
Shemeji yangu hukohoa kabla hajapita ukumbini.
Hawa wamepitia kiganjani.

Nikamsomea mama. Nikafika kwenye vidakuzi.
"Vi nini?"
Vidakuzi. Vitu vidogo, wanaviacha ndani ya simu, vinakumbuka.
"Jina limejisema. Mdaku ni mdaku,
hata awe mdogo kama ufuta."
Kisha: "Na mwaka, kaandika upi?"
Wako.
Akanyamaza. Nikadhani kaudhika.
Kumbe anacheka, mpaka anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Tuliposhuka Sibu, sabini na nne,
afisa aliniuliza nimezaliwa lini.
Nilijua ni msimu wa karafuu, Pemba,
mvua imekata njia, mkunga kachelewa.
Fomu yake haikuwa na pahala pa mvua.
Akaniandikia Januari mosi,
kama aliyenitangulia,
kama aliye nyuma yangu.
Foleni nzima tulizaliwa siku moja."

Basi huko waliko wanamuuguza magoti
bibi asiyekuwepo.
Lakini saa ya kulala ni ya Muzna, kweli.

Nimetafuta pa kufutia. Ukurasa wa thelathini na moja.
Nithibitishe kwanza kuwa mimi ni mzazi:
picha ya kitambulisho, mbele na nyuma,
na tarehe yangu ya kuzaliwa.

Mlangoni mama anakohoa,
anangoja nimwambie karibu.
"Waandikie Januari mosi."