Sufuria Haiendi Tupu

Mama akipiga simu kutoka Kangema
huuliza kwanza kama nimekula,
kisha kama ile kompyuta ingali inanila.
Namjibu: Mama, Baba alikaa miaka kumi na tisa
nyuma ya gazeti,
tukamjua kwa soksi zake,
na hakuna aliyelishtaki gazeti.
Hucheka. Hunyamaza.
Salio humwishia.

Mimi hula kwa masikio.
Ghorofa ya nne, Zimmerman, chumba na jiko,
hedifoni kichwani kuanzia saa mbili usiku,
naandika maneno ya watu nisiowajua:
daktari wa nchi ya theluji na mgonjwa wake,
wajane wawili wanaogombea ua wa nyumba,
wakili anayekohoa kila akikaribia kudanganya.
Nalipwa kwa dakika.
Kikohozi hakina malipo, ila kina mabano yake.
Nimewazoea. Wakili akipotea wiki nzima
naingiwa na wasiwasi,
nashika kikombe nikijiuliza
ni nani anayemkorogea uji.

Kwa hiyo usiniambie niko peke yangu.
Nina watu wengi kuliko kanisa la Mama.

Ila kulikuwa na Nyaboke, mlango wa pili,
ukuta kati yetu mwembamba kama chapati ya kibanda.
Aliazima sufuria yangu kubwa, ile ya sikio moja,
siku ya ubatizo wa mtoto.
Njoo, akasema. Nitakuja, nikasema.
Kukaingia kazi ya haraka, dakika tisini,
malipo maradufu.

Alibisha Jumanne; sikusikia.
Alibisha Alhamisi; nikasikia kitu,
nikadhani ni ndani ya kanda,
nikarudisha nyuma sekunde tano,
nikaandika kwa uaminifu, katika mabano:
(mlango unagongwa).

Wiki tatu baadaye mteja akairudisha kazi.
Hapa, akasema, hakuna mlango.

Nikasikiliza tena. Mara nne nikasikiliza.
Daktari, mgonjwa, kiti kinachosogezwa,
theluji, kama theluji ina sauti.
Mlango hamna.
Nikavua hedifoni.
Ukutani, kimya.

Kwake, kufuli mpya ya ploti.
Kupitia dirishani, sakafu iliyopigwa deki
na duara jeusi pale jiko lilipokaa.
Kyalo wa ploti akanitazama
kama mtu aliyefufuka bila kibali.
Nyaboke? Alihama mwisho wa mwezi. Ruai.
Si nilituma kwenye kundi?
Alituma. Nilisoma.
Nilimjibu kwa kidole gumba.

Akaingia stoo, katikati ya makopo ya rangi,
akatoka na sufuria yangu ya sikio moja.
Ndani yake ndizi, kichana kizima,
kwa sababu kwao kama kwetu
chombo hakirudi kitupu.
Nyeusi zote. Zinatoa maji.
Vijidudu vikaruka kidogo,
vikatua tena, wenye nyumba.

Usiku nilimtafuta. Nani angenisaidia
isipokuwa mashine ileile?
Akatokea: gauni la kijani, mtoto mapajani,
na chini ya picha jina la mtoto.
Ogeto.
Miaka miwili nimemsikia akilia ukutani
nikiongeza sauti.

Niliandika samahani, nikafuta.
Niliandika mambo, nikafuta.
Vidole vinavyokimbia maneno themanini kwa dakika
vikakaa juu ya kibodi
kama wageni wasioonyeshwa kiti.

Asubuhi nimesugua sufuria kwa jivu na mchanga wa fundi
mpaka nikauona uso wangu, umepinda, lakini wangu.
Kyalo anasema Ruai si mbali,
ni magari mawili na subira.
Kazi yaanza saa mbili usiku.
Mama mboga bado anapanga mafungu yake;
nimesimama mbele yake bila hedifoni,
sijui mtoto wa miaka miwili hula nini.
Namuuliza.
Anaweka kisu chini, anavuta kigoda,
anaanza kunieleza tangu mwanzo.