Bima Ndogo

Bima ilikufa Jumanne. Kirikuu yangu haikujua:
iliwaka kama kawaida, ikakohoa mara mbili,
ikatoka Mpunguzi na makreti kumi na manne ya zabibu,
na mimi usukani nakitupia jicho kile kikaratasi cha kwenye kioo
kama mtu anayeibia kutazama saa msibani.

Ofisi ya kwanza ina kiyoyozi na maua ya plastiki.
Kijana wa tai akauliza, "Mama, thamani ya gari?"
Thamani. Nikatafuta pa kuanzia.
Nimhesabie mlango wa kushoto, unaofungwa kwa kamba ya katani?
Gia ya tatu, isiyoingia mpaka uisemeshe kwa adabu?
Au ada ya Sechelela, kidato cha pili,
iliyotoka humo humo kwenye bodi, kreti kwa kreti?
Akaandika milioni nne. Akabonyeza kikokotoo.
Bima kubwa ikatoka na mkia wake wa kodi.
Nikacheka. Si kwa dharau,
mwili ulicheka wenyewe.

Ofisi ya pili walinipa kiti na kalenda.
Bei ileile, imebadili shati.

Ya tatu haikuwa ofisi. Alikuwa mtu,
Sabasaba, nyuma ya wauza mitumba,
stika zake kwenye bahasha ya kaki, kifuani, karibu na jasho.
"Nusu bei, dada. Ukitaka risiti, naandika."
Nikaomba namba. Nikaihakiki kwa simu palepale.
Jibu likarudi kabla hajameza mate:
stika hiyo ni ya pikipiki nyekundu, Kahama,
na muda wake uliisha mwaka juzi.
Nikamwonyesha.
Akasema, "Mtandao unasumbua."

Usiku nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto,
nikatoa mafuta, nikatoa unga, nikarudisha unga.
Nikamkumbuka baba na ng'ombe wake.
Hakuwalaza wote zizi moja hata siku moja:
wanne Chipanga kwa shemeji, watatu Manzase,
na yule wa pembe iliyovunjika kwa Chilewa, kule Kigwe.
Maziwa kunyweni, ndama wangu.
Wapita njia walimwona fukara, zizi lake jepesi.
Ukame ulipokuja, mwaka ule wa kuchimba mizizi,
ulikuta amekwisha kujigawa.
Hakuwa na stika; alikuwa na watu.

Lakini kirikuu haigawiki.
Siwezi kulaza injini Kigwe
na matairi Chipanga.

Kulipokucha nikaenda Majengo, kwa Nyemo,
anayekata bima, anauza vocha, na ubuyu wa rangi kwenye ndoo.
"Hii bima ndogo," nikamuuliza, "inanilinda nini?"
Hakuinua uso.
"Wewe? Wewe utajijua.
Inamlinda utakayemgonga."

Nikatoa fedha. Noti za zabibu hunata,
hung'ang'aniana kama ndugu wenye ugomvi.
Alizitenganisha kwa ukucha, akahesabu,
akalamba kidole, akahesabu tena, akasema, "Tamu."

Trafiki wa Mkonze aliinama mpaka kofia ikagusa kioo.
Akasoma. Akasoma tena, kama aliyeahidiwa kosa.
Akanipungia niende.

Mbele kidogo, mtoto anavusha mbuzi.
Mmoja mweusi amegoma katikati ya lami,
anatafuna kitu ambacho hakipo.
Mtoto akanitazama, mabega juu, anasubiri honi na matusi.

Sikupiga honi.
Simjui jina, wala hanijui.
Nyama ya wiki mbili hatujaila nyumbani kwangu
kwa ajili yake, na hatajua,
na Mungu akipenda hatajua kamwe.

Nikazima injini, kuokoa mafuta.
"Vuka," nikamwambia. "Taratibu.
Na huyo mweusi msubiri.
Naye nimemlipia."