Kikaango cha Uzi Mwekundu

Hoteli yangu iko nyuma ya soko la Kibuye:
mabati, benchi sita,
na bango alilonichorea Obuya kwa sahani tatu za ngege.
Miaka kumi na tisa hakuna aliyerudi kulalamika,
ila wale wa bei.

Basi akaja Apondi, mpima mashamba,
buti zimejaa tope la Ahero,
akauliza kabla hajaketi:
"Mama, samaki huyu mmempaka unga?"
Nikasema hapana.
Na kweli hatukumpaka.
Lakini mafuta yale yale, alfajiri,
yalikuwa yamepika maandazi mia na ishirini.
Hilo hakuuliza,
nami sikujua kwamba ni swali.

Siku ya tano alirudi, mashavu yameingia ndani.
Nikadhani anataka pesa zake.
Akaomba kuona jiko.

Jiko!
Marehemu mume wangu alikuwa akipiga hodi kwenye jiko lile.

"Nina siliaki," akasema. "Ngano ikiingia,
tumbo langu linajipiga lenyewe."
Nilicheka, sitaficha.
Sisi tuliokula chapati Krismasi kwa Krismasi,
leo mtu aniambie chapati ni ugonjwa?
Nikamwambia, chembe haiui.
"Haiui," akajibu. "Inanilaza siku nne,
na kazi yangu hulipwa kwa siku."

Hapo nikanyamaza.
Hesabu hiyo naijua.

Tukaitafuta ngano kama watu wanaosaka kunguni.
Ilikuwa kwenye mwiko.
Ilikuwa kwenye mchuzi, kijiko kimoja cha kuupa uzito,
siri niliyoachiwa na mama mkwe.
Ilikuwa kwenye kibao cha sukuma
ambacho Vihenda husukumia chapati,
na kwenye kitambaa kile kimoja
kinachobusu kila meza.
Ilikuwa hata kwa jirani mwenye mashine,
asubuhi anasaga ngano ya watu,
mchana mtama wangu.
Na pale dirishani jua lilipopenya
tuliiona inaelea, nyeupe, haina haraka.
Miaka yote nimeiita vumbi.

Nikanunua sufuria, mwiko, kikaango,
nikavifunga uzi mwekundu,
nikaviweka rafu ya juu kabisa,
maana unga huanguka, haupandi.
Mtama nikausaga nyumbani kwa jiwe la nyanya,
mabega yakinilaani.
Wateja wakasema Mama Awuor amefungua hospitali.

Apondi akala. Ngege, osuga, ugali mweusi.
Alikula ameinama, taratibu,
kama anayesoma barua.
Kesho yake akapita barabarani, mzima, akanipungia mkono.
Wiki iliyofuata akaleta msichana wa shule wa Nyamasaria,
mwembamba kama ufito,
ambaye hajawahi kula nje ya jiko la mama yake.

Wakawa wangu wa kila Jumamosi.

Sasa ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi,
watu wamejaa hadi mlangoni,
Vihenda kazidiwa, kanyoosha mkono rafuni,
na nilipogeuka
chapati ilikuwa inafura ndani ya kikaango chenye uzi.

Hakuna aliyeona.
Maji yalikuwepo. Sabuni ilikuwepo.
Nje wawili wale walikuwa wameketi
na mikono wamekwisha nawa.
Kwetu mtu akishanawa, humwambii aondoke na njaa.

Nilitoka nikijifuta kwenye aproni,
nikaikumbuka aproni, nikaivua.
Nikasema mbele ya watu wote:
"Leo msile kwangu. Leo jiko langu limekosea."

Vijiko vikasimama.
Mmoja pembeni akaguna, aibu gani hii.

Msichana akanitazama,
kisha akafungua mkoba, akatoa viazi vitamu viwili vya mama yake,
kimoja akampa Apondi.
Nikawaletea maji ya chupa, kifuniko hakijaguswa,
nikaketi nao, hoteli imejaa, mimi nimeketi.

Jumatatu nilinunua kikaango kingine.
Uzi ni ule ule, niliufua.
Hapana. Nao pia niliutupa.