Chini ya Meza

Daktari wa kwanza aliniambia: lala.
Nikalala wiki tatu, hapa hapa Cambados,
nikawa gunia la chumvi lililolowa,
kila nikigeuzwa nazidi uzito.
Majirani waliniletea supu na habari za mazishi.

Miaka thelathini na minne nimeinama,
reki mkononi, viatu vya mpira ndani ya tope,
nikifukua kombe maji yakipwa,
na maji hayaulizi kama umelala vizuri.
Kisha asubuhi moja ya Februari
nikainama kuokota soksi.
Soksi! Si ndoo ya kilo ishirini.
Soksi ya pamba, ya kushoto,
na kiuno kikaniambia: mama, basi.

Iria ana miaka ishirini na sita na kucha fupi.
Hakunipa vidonge, wala mshipi wa kubana tumbo.
Aliinua picha yangu ya eksirei dirishani, akasema:
pingili zako zimechakaa kama za wenzako wa rika,
na wengine wanazichezea dansi.
Kisha akaniomba niiname.
Nikamtazama kana kwamba kaniambia
niruke kutoka mnara wa kanisa.
"Inama, Obdulia. Mgongo si kikombe cha udongo."

Nilimchukia mpaka Alhamisi.

Chali, magoti juu.
Kandamiza kiuno sakafuni
kama aliyemfunika panzi na hataki kumuua.
Halafu inua nyonga, shikilia, pumua.
(Kupumua ndiko ninakosahau.)
Halafu mikono na magoti chini, kama ng'ombe,
nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto,
wala usitikisike.
Nilitikisika.
Paka aliondoka jikoni kwa heshima zake.

Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni,
na kutembea hadi kanisani na kurudi,
kuingia si lazima.
Maumivu, anasema Iria, ni king'ora.
Kiko kinacholia kwa sababu ya moto,
kiko kinacholia kwa sababu ya mkate ulioungua.
Bibi, jifunze kunusa.

Nyumba yangu haina nafasi nyingine,
kwa hiyo nalala kati ya jiko na ukuta,
kichwa kimeingia chini ya meza
aliyoiunda Fermín mwaka tuliooana.
Miaka arobaini nimeifuta juu.
Chini sikuwahi kuiona.

Kuna hesabu ya penseli: aliikosea,
akaikata, akaandika nyingine, nayo akaikata.
Kuna chingamu nne zilizokauka kama changarawe,
za Breixo, ambaye sasa yuko Basel
na aliapa mbele ya bibi yake kwamba si yeye.
Kuna msumari uliopinda,
fundi wangu kaugongelea ubavuni, kaufichia huku
akijua hakuna atakayelala chali kuukagua.

Nikacheka. Kiuno kikalalamika. Nikacheka tena.
Iria alipoambiwa, akaandika kwenye faili
kwamba hilo nalo ni zoezi la tumbo.

Sijapona, nisimdanganye mtu.
Soksi bado navaa nikiwa nimeketi,
na siku za baridi kiuno huamka kabla yangu
kikanisubiri.
Lakini mwezi wa Mei nilishuka kwenye tope,
nikakunja mwili nyongani kama nilivyofunzwa,
bawaba iliyotiwa mafuta,
nikajaza nusu ndoo. Nusu.
Remedios akauliza kwa sauti ya kuvuka upepo,
"Umeacha kuumwa?"
Nikamjibu, "Nimeacha kuogopa soksi."
Hakunielewa, akaendelea kufukua.

Jana niliingia chini na penseli.
Pembeni ya hesabu ya Fermín
nimeanza kuandika yangu:
kumi, kumi, nane, kumi,
mbili (mvua, na hasira),
kumi.