Hesabu za Giza

Saa tisa kasoro, usiku, Ng'ong'ona.
Juu, upepo unasukuma vumbi la Oktoba mlangoni.
Chini huku, ngazi thelathini na mbili,
ninalinda pipa la baridi
lisilofika hata nyuzi moja juu ya sifuri ya mwisho:
sehemu ya mia ya nyuzi, na bado Chilewa hulalamika,
"Joto hilo, Nyemo. Linapiga kelele."

Ndani ya pipa kuna kitu kidogo kuliko chawa:
alumini, ukuta wa oksidi, alumini tena.
Umeme unapita ukutani kana kwamba hakuna ukuta,
hausuguani na chochote, hauchoki.
Kazi yangu ni kusubiri ujikwae.

Fotoni moja ya maikrowevu ikiugusa, utajikwaa.
Moja.
Punje ya uwele ikidondoka kutoka ungo wa mama
ina nguvu ya kuzaa fotoni hizo
milioni, mara milioni, mara milioni, mara ishirini.
Nilipiga hesabu hiyo nyuma ya risiti ya Luku
nikaitazama mpaka chai ikapoa.

Tunachokitafuta hakina jina la Kigogo.
Kinasemekana kujaa kila mahali, kizito kuliko nyota zote,
kinapita kwenye zabibu za Hombolo,
kwenye paa la Bunge, kwenye mbavu zangu,
bila hodi.
Mbele ya sumaku kali, huenda chembe yake moja
ikajisahau, ikageuka wimbi
la upana wa vidole viwili.
Huenda. Neno hilo ndilo linalonilipa mshahara.

Idodomya, walisema wa zamani: kimezama.
Mji mzima umebeba jina la kitu kilichotoweka matopeni
na hakuna anayeshangaa.

Masafa tunayapekua kwa fimbo ya shaba, unywele kwa unywele,
kama baba alivyosaka taarifa ya habari kule Bahi,
redio imelala kifuani, kidole gumba hakina haraka.
Betri zikiisha tulizianika juu ya bati
zikapata roho ya robo saa.
Yeye alihitaji jua ili asikie.
Mimi jua nimelifukuza hadi uvunguni mwa dunia
na bado sisikii.

Usiku wa mia mbili na kumi na moja
umeme ukajikwaa.
Mstari ukaruka kwenye skrini, mwembamba, kama mwiba wa mgunga.
Sikumwamsha Chilewa. Nilikaa, kiganja mdomoni.
Kwa dakika kumi na moja, duniani kote,
ni mimi tu niliyekuwa nimesalimiwa.

Halafu nikafanya nilichofundishwa.
Nikaishusha sumaku, polepole, mpaka ikalala.
Pasipo sumaku, mgeni huyo hana mlango wa kuingilia.
Nikasubiri.
Saa kumi na moja kasoro, kikabisha tena.

Basi ni mawe.
Ni matale haya yenye urani tumboni,
ile ile waliyokuja kuipima Bahi nikiwa darasa la nne,
mashine mgongoni, tukiwafuata kwa vicheko.
Tumelizungushia pipa risasi unene wa kiganja,
lakini mlima una umbea wake:
Ng'ong'ona inanong'ona.

Daftari lina safu mbili.
Sumaku ikiwa macho: moja.
Sumaku ikiwa imelala: moja.
Toa.
Nikaandika sifuri. Kalamu ilikuwa inakata wino,
duara halikufunga vizuri, nikaliacha.

Chilewa akashuka na chapati mbili ndani ya gazeti.
"Kitu?"
"Jiwe."
Akavuta kiti, akafuta mafuta vidoleni kwa suruali,
tukasogeza fimbo
unywele mmoja.