Karatasi ya Newala

Tuliikuta siku ya arobaini ya baba,
ndani ya kipande cha bomba la plastiki, nyuma ya risiti za korosho.
Mhandisi wa maji aliiacha mwaka ule pampu ilipokufa.
Alikuwa Mjapani, alipenda ming'oko, hakurudi.

Tukaitandaza juu ya turubai la kuanikia,
jiwe kila pembe,
na kila mtu akaisoma kwa macho aliyokuja nayo.

Wanaume wamefunga vibwebwe, matako wazi,
na nyuma yao mistari ya wino inachomoka kama fito:
inapasua pazia, inavua kofia,
inamwangusha farasi na mpanda farasi.

Mjomba Lichonyo akasema: hiyo salfa.
Wanapulizia mikorosho, ubwiriunga umewavamia,
ila kwao mashine inafungwa huku chini.

Mwalimu Nangomwa akavaa miwani. Hii ni vita, akasema,
akataka tarehe, akataka na jina la mfalme.
Akahesabu maiti kuanzia kulia, akahesabu kuanzia kushoto,
hakupata hata mmoja.
Akauona mhuri mwekundu, akauheshimu, akanyamaza.

Mimi niliona mashetani.
Baba alichonga mashetani miaka thelathini;
najua mkono unaokuza tumbo makusudi.

Ndipo akaingia Bi Somoe, Mmakua, mtani wetu,
yule aliyeshuka kaburini siku ya maziko
akalala chali, akagoma kutoka mpaka alipwe.
Hakuuliza mwaka. Aliinama,
akaweka kidole juu ya mtu mdogo wa pembeni
aliyeziba pua kwa mkono mmoja,
mkono wa pili akipepea kwa nguvu zake zote.

"Hawa wanajambiana," akasema.

Sikumbuki nani alianza.
Nakumbuka shangazi kakalia ungo wa mchele,
na Lichonyo analia, kweli analia,
akisema, kumbe wino unanuka!

Baadaye, wakati wa kuikunja, tuliigeuza.
Nyuma kulikuwa na penseli ya baba, herufi zake za kuchonga:
*Shekhe asione.*

Mwalimu bado anatafuta tarehe.
Bi Somoe anadai ada ya kutafsiri,
jogoo mmoja, na si yule mwenye kilema.