Swichi ya A

Ilianza kwa kukosa moja katika kumi,
kisha moja katika tatu.
Jumanne, nikitafsiri fomu ya hospitali,
skrini ikaniandikia: *Mgonjw lle chli.*
Nikacheka peke yangu, halafu nikanyamaza,
maana nalipwa kwa neno
na hospitali hainunui konsonanti.

Lugha yangu ndiyo iliyoichosha.
Hesabu mwenyewe: *hawatafahamiana*.
Neno moja, na kidole kidogo cha kushoto
kimeinama mara saba.
Kibodi hii iliundwa kwa watu wanaochosha E.

Nikajaribu kuishi bila A, usiku mmoja tu.
Yaliyobaki yalikuwa haya:
pole. Deni. Njoo. Usiku. Mimi.
Mama akawa *mm*, kama mtu anayeitikia
huku mdomo umejaa chakula.

Dukani swichi haziuzwi moja moja.
Pakiti ina tisini, bei yake
ni viatu vya theluji vya Shemsa, vyote viwili.
Kwa hiyo leo, mtoto amelala,
nimeipindua kibodi juu ya meza ya kulia
hapa Ellice Avenue, Winnipeg,
na chuma cha kulehemu cha kuazima.
Bwana Hryciuk wa ghorofa ya pili
alikuwa fundi wa redio za reli.
Alinipa maneno mawili, la pili likiwa *Jumamosi*,
yaani siku anayokitaka chuma chake.

Nazivua kofia, herufi zabaki vichwa wazi.
Chini yake: ufuta, makombo ya andazi,
ukucha, sijui wa nani,
na unywele mmoja mrefu wenye hina.
Nauweka juu ya bahasha, pamoja na skrubu.
Skrubu ni kumi na moja.

Risasi ikiyeyuka hung'aa kama jicho la samaki,
na moshi wake si wa kuvuta mbele ya mtoto.
Nafungua dirisha.
Nje ni hasi thelathini na moja.
Baridi inaingia bila hodi, inakaa kitini.
Nalehemu nimevaa koti na kofia ya sufi,
pua inachuruzika, mkono wa kulia unaungua,
wa kushoto unaganda,
katikati yao miguu miwili midogo ya shaba
inagoma kutoka.

Inatoka. A mkononi mwangu
ni nyepesi kuliko punje ya mahindi.
Naibonyeza: inashuka, haipandi
mpaka nifikiri jambo jingine.

Sasa naiendea Q.
Q imekaa hapo juu miaka sita
kama mgeni aliyepewa chumba na haulizwi kodi.
Barua zangu za Kiingereza naandika kwa simu.
Hii niliigusa mara moja,
anwani ya mwanamke mmoja wa Quebec.
X nayo ni hivyo hivyo, hata eksirei haiiiti.
Naing'oa Q. Springi yake ni ya kijana,
inanirushia kidole.

Nikaipanda penye shimo la A.
Nikapasha mguu, nikagusisha risasi,
nikaungua tena palepale.
Na ile A kongwe sikuitupa.
Nimeilehemu chini ya kofia ya Q,
kwenye kona ile isiyo na kazi.

Saa nane na robo. Nachomeka waya.
*aaaaaaaaaaaa*, mstari mzima,
kama mtu aliyefunguliwa mdomo kwa daktari wa meno.
Nafuta. *Mgonjwa alale chali.*
*Asile wala asinywe kuanzia saa sita.*
Shemsa anageuka kitandani, anauliza nani anabisha.
Baba, namwambia. Anaandika.

Skrubu moja imebaki mezani; sijui ya wapi.
Bahasha imepeperushwa hadi chini ya jiko,
unywele haupo.
Nafunga dirisha.

Wewe A, pumzika hapo ulipo.
Yule wa Quebec akijibu,
nitakuamsha.